Kabla Hujachomeka Mkoko: Maelekezo ya Fundi wa Madau

Ukitaka kurudisha mikoko mahali ilipotoweka, siku ya kwanza usibebe mche wala jembe. Nenda wakati wa bamvua, mwezi ukiwa umeandama au umepevuka, bahari ikikupwa mpaka chini kabisa. Tembea taratibu kutoka kwenye nyasi bahari mpaka nchi kavu, macho chini. Swali unalokwenda kulijibu ni moja tu: kwa nini hapa hamna mikoko?

Mimi naunda madau na mashua Tongoni, kwenye ghuba ya Mtangata, kusini ya mji wa Tanga. Watu hucheka wakiniona na kiriba cha miche mkononi, maana fundi wa vyombo anajulikana kwa shoka na tezo. Lakini fundi ndiye anayejua kipi kimepungua. Boriti za mkandaa, mmojawapo wa miti ya mikoko, bado zipo. Mlilana, aina nyingine, wenye tao la kutoa taruma nzuri, yaani mbavu za chombo, huo unautafuta mpaka maji yanakukuta huko huko. Vikundi vinavyopanda vinapanda aina moja tu, ile iitwayo mkoko wenyewe: mkoko, mkoko, mkoko, kwa sababu mbegu yake ni ndefu, unaichomeka na kuondoka. Maelekezo haya ni ya mtu anayetaka msitu wenye miti yote, kila mmoja mahali pake.

Kwa nini pako wazi

Pengine hapajawahi kuwa na mikoko. Waulize wazee, na zaidi kina mama waokotao tondo na chaza, kwa sababu wao hupita kila tope kila mwezi. Wakikuambia pale ni uwanda wa nyasi bahari tangu wanazaliwa, paache. Tasi wanakula pale, na mwanao atamvua tasi huyo. Ule uwanda mweupe wa chumvi ulio nyuma ya mikoko, unaofikiwa na maji makubwa ya bamvua tu, nao ni wazi kwa asili yake. Usione upara ukadhani ni ugonjwa.

Pengine mikoko ilikuwepo, ikakatwa kwa ajili ya boriti au tanuri la chokaa. Tafuta visiki. Kisha inama utafute miche iliyojiotea. Ukiikuta ni mingi na ina afya, kazi yako ni kuilinda, usiwaletee watu gharama ya kupanda. Ukikuta mbegu zinafika, zinatoa majani manne, kisha zinakauka, kuna kinachoziua, nacho kitaiua na miche yako.

Pengine mizizi imefukiwa. Mchu na mlilana hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope, na mchanga ukiifunika mti hufa umesimama. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliua mikoko namna hiyo katika hori (mkono wa bahari) la Mwache, Mombasa, mito iliposhusha udongo wa mashambani. Chimba kwa mkono karibu na mti uliokufa. Mizizi ya kupumulia ikiwa chini ya mchanga, tatizo lako liko juu mtoni, kwenye mashamba yasiyo na makinga maji, wala si hapo ulipo.

Sababu inayowapita wengi ni maji yaliyozibwa. Barabara imekatisha hori bila kalavati. Au kuna majaruba ya chumvi ya zamani, mwenyewe ameyaacha, ukuta bado umesimama: maji ya bamvua huingia kwa kuruka ukuta, yanakwama, jua linayakausha, chumvi inabaki. Humo hata mchu, mvumilivu kuliko wote, haupati nafuu. Dawa yake ni kuufungua ukuta pale hori la zamani lilipokuwa likipita, tena si tundu dogo, ni mlango wa kutosha maji kuingia na kutoka yote. Alama za hori la zamani utaziona: tope laini lililopinda pinda ndani ya jaruba, au mstari wa majani yaliyo kijani kuliko mengine. Ukishafungua, ngoja masika mawili. Kama kuna mikoko mikubwa karibu, bahari italeta mbegu yenyewe, za aina mchanganyiko, na itaziacha pale zinapopaweza.

Najua kungoja hakuna picha ya kupiga. Mfadhili anataka kuona watu wamevaa fulana wameinama kwenye tope. Ufilipino walipanda hivyo kwa miongo miwili na zaidi, fedha nyingi, karibu yote mkoko, mara nyingi kwenye tope la chini na kwenye nyasi bahari kwa kuwa huko hakuna anayedai ardhi. Mtafiti wao Jurgenne Primavera na mwenzake walipopitia kazi hiyo mwaka 2008, walikuta iliyobaki hai baada ya muda mrefu kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 20.

Kupima usawa wa ardhi

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Mmarekani Robin Lewis, aliyerudisha mikoko Florida kwa miaka mingi, alionyesha kwamba mikoko hukaa pale maji yanapofunika ardhi chini ya theluthi moja ya wakati wote. Shuka chini ya hapo, mche unazama kuliko unavyopumua. Sisi hatuna mashine za kupimia hayo, lakini tuna mikoko hai jirani, nayo imeshapima.

Chukua mpira mwangavu wa mafundi ujenzi, ule wanaopimia leveli ya msingi. Mita 20 zinatosha kuanzia. Ujaze maji safi, hakikisha hakuna povu ndani. Tafuta fito mbili zilizonyooka, zitie alama za sentimita. Fito moja isimame kwenye shina la mti wa asili wa aina unayotaka kupanda, ya pili isimame pale unapokusudia kupanda. Shikiza ncha za mpira kwenye fito, ngoja maji yatulie, kisha kila upande asome: maji yako juu ya tope kwa sentimita ngapi? Upande wa kupandia ukisoma namba kubwa zaidi, ardhi yake iko chini kuliko ya mti kwa tofauti hiyo. Kwangu mimi, ikizidi sentimita 10 chini ya mti wa chini kabisa wa aina hiyo, sipandi aina hiyo hapo. Natafuta aina nyingine au naondoka.

Huna mpira? Tumia bahari. Siku ya shwari maji yakiwa yanajaa, simama kwenye mti wako. Maji yakigusa shina tu, kimbieni wawili watatu mkichomeka vijiti kando ya ukingo wa maji, kulia na kushoto, haraka kabla hayajapanda. Vijiti vyote hivyo viko usawa mmoja na mti. Ukifanya hivyo kwa mlilana, kisha mkoko, kisha mkandaa, utakuwa na ramani ya ufuo mzima, na haijakugharimu senti.

Masika moja kijana wa kikundi alinijia mbio karakana. "Shikamoo fundi. Tumeletewa miche elfu mbili, tunapanda Jumamosi."

"Marahaba. Jumamosi maji yakoje?"

Akatoa simu, akanionyesha utabiri wa mvua. Nikamwambia aweke simu mfukoni, atazame mwezi. Jumamosi ile ilikuwa bamvua, na miche ile ingeamkia baharini Jumapili. Wakasogeza mpaka maji mafu, na hiyo ndiyo kanuni: panda maji mafu yanapoanza, ili mche upate siku kadhaa za maji madogo ya kushika mizizi kabla mkondo mkubwa haujarudi.

Nani anakaa wapi

Tanzania Bara ina aina kama 10 za mikoko. Hizi ndizo utakazokutana nazo huku.

Mlilana, wengine huuita mpia, husimama mbele kabisa, unapigwa na maji mara mbili kwa siku. Mizizi yake ya kupumulia ni minene yenye ncha. Wavuvi wa zamani waliikata wakafanya maboya ya nyavu. Nyuma yake kuna mkoko, wenye mizizi ya matao inayoshuka kutoka shinani, ambamo chewa na changu wadogo hujificha. Msinzi huchanganyika na mkoko kwenye tope zuri, nao utaujua kwa mizizi iliyokunja magoti. Juu kidogo, ardhi ikianza kushika mguu, ndipo kwa mkandaa, ambao gome lake lilitumika kutia rangi nyavu na ngozi. Mchu hukaa nyuma kwenye chumvi nyingi, na tena hujitokeza mbele pale penye mchanga mchanga. Ramba jani lake, utaionja chumvi inayotoa. Kikandaa hukaa mpakani na nchi kavu. Mkomafi na msikundazi hupenda maji ya mto yanayopunguza chumvi, basi uitafute kwenye midomo ya mito, kama Zigi na Pangani.

Ukikuta ufuo una mkoko mtupu mistari kwa mistari kama shamba la mihogo, hapo amepita mtu. Usiung'oe, lakini usiongeze. Tafuta nafasi za mlilana mbele yake na mkandaa nyuma yake.

Ruhusa

Mikoko yote ya Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Anza kwa mtendaji wa kijiji na kamati ya maliasili, kisha ofisi ya misitu ya wilaya. Kwa kupanda, kwa kawaida hutapata shida. Kwa kufungua ukuta wa majaruba, usiguse kabla ya maandishi, hata kama ukuta umeota nyasi: una mwenyewe, pengine ana leseni, na siku utakayoupasua ndiyo siku atakayokumbuka chumvi yake. Mpango wa usimamizi wa mikoko wa 1991, ulioandaliwa na Profesa Adelaida Semesi, uligawa mikoko yetu kanda nne: isiyoguswa kabisa, inayovunwa kwa kibali, inayopumzishwa irudi, na ya maendeleo. Uliza ya kwenu iliwekwa wapi.

Mbegu

Kusanya karibu na unapopanda, kutoka miti mingi, si mti mmoja uliokuwa njiani. Usipande juu ya mti kutikisa. Mbegu iliyokomaa inaachia yenyewe.

Ya mkoko imekomaa ukiona pete ya manjano imejitokeza kati ya kofia na mwili. Ukiishika na kuizungusha kidogo inatoka bila kuchanika. Ikikataa, iache. Tupa yenye vitundu, kuna mdudu ndani. Ya mkandaa ni nyembamba yenye mbavu, nayo ina pete yake. Ya msinzi huanguka na kikonyo chake chekundu juu, usikibandue kwa nguvu, kitatoka chenyewe mche ukianza. Hizi tatu huchomekwa moja kwa moja, ncha kali chini, wima. Mkoko kina cha kiganja, mkandaa na msinzi vidole vitatu. Watu hupenda kuzamisha nusu nzima wakidhani inashika zaidi. Inaoza.

Kabla ya kupanda mkoko, laza mbegu kivulini siku chache mpaka ngozi ya nje inywee. Kaa wa tope wanapenda mbegu mbichi yenye maji, wanaikata usiku huo huo na kuiburuta shimoni. Iliyonywea hawaishughulikii sana. Usiwawekee sumu hao kaa. Mashimo yao ndiyo yanayopeleka hewa kwenye mizizi.

Mchu una mbegu bapa yenye ganda la kijivu kijani. Iloweke kwenye maji ya bahari usiku mmoja, ganda litavuka. Halafu iweke kwenye kiriba, au juu ya tope penyewe, nusu tu ikigusa ardhi. Usiifukie.

Mkomafi una tunda la mviringo, zito, linalopasuka na kutoa mbegu zenye pembe zilizopangana. Nusu kwenye udongo, nusu nje, ndani ya kiriba kikubwa.

Sasa mlilana, ambao karibu kila mtu anaukwepa. Tunda lake ni la kijani, limekaa juu ya nyota ya vikonyo. Subiri lianguke na liwe laini. Loweka matunda kwenye ndoo ya maji siku kadhaa mpaka nyama ioze, yavuruge kwa mkono, mwaga uchafu, na chini zitabaki mbegu ndogo zilizopinda, nyingi mno kwa tunda moja. Zisambaze kwenye beseni lenye tope lililochanganywa na mchanga, ubaki umelowa wakati wote. Anza kumwagilia maji baridi, yasiyo na chumvi, kisha ongeza ya chumvi kidogo kidogo. Zikitoa majani manne, hamishia kwenye viriba vyenye matundu na uvipange mahali ambapo maji ya kujaa yanafika lakini hayapigi. Kaa nazo mpaka zifike sentimita 30 na shina ligumu. Hizi ndizo za kwenda mbele kabisa, na zinahitaji kufungwa kwenye kijiti kwa kamba ya makumbi, siyo ya nailoni, ambayo itakata shina na kubaki baharini.

Siku ya kupanda

Msimu ni masika, Aprili na Mei, mvua inapopunguza chumvi kwenye tope. Vuli inafaa kwa mchu na mkandaa wa nyuma. UNESCO ilitangaza mwaka 2015 kwamba Julai 26 iwe Siku ya Kimataifa ya Mikoko, nami sina ugomvi na siku hiyo, ila Julai huku kwetu kusi linavuma, mvua ya masika imekwisha, na mche uliochomekwa mbele kwa ajili ya hotuba hauoni Septemba. Siku hiyo fanyeni usafi: nyavu zilizokatika, mifuko, chupa. Au hesabuni miche ya masika.

Panda kwa mafungu ya miche mitano sita iliyokaribiana, ukiacha nafasi wazi kati ya fungu na fungu. Miche ya fungu hukingana mkondo, na zile nafasi wazi bahari itazitumia kuleta aina usizozipanda wewe.

Ulinzi

Mbuzi na ng'ombe wanapenda majani ya mchu kuliko kitu chochote, kwa sababu ya chumvi yake. Uzio wa miiba unatosha kwa mbuzi. Kwa ng'ombe nenda kazungumze na mwenyewe, tena mapema, mkiwa bado hamjakasirikiana.

Juya la kokoro likiburutwa juu ya miche kwa maji makuu halibakishi kitu. Kaeni na wavuvi kabla ya kupanda, waonyesheni mpaka kwa vijiti virefu vyenye kitambaa juu. Wengi wataheshimu, maana kamba na samaki wadogo wanaokulia humo ni wao.

Kisha kuna vile vigamba vigumu ambavyo sisi mafundi huvikwangua kwenye ubavu wa chombo. Vikijaa kwenye shina la mche huulemea mpaka ukalala. Vikwangue kwa kijiti cha mwanzi, taratibu, usichubue gome. Ukiona kila mche umevaa vigamba mpaka juu, jua umepanda chini mno.

Kuhesabu

Weka vijiti vinne kwenye vipande vichache vya hatua kumi kwa kumi, na hesabu kila aina peke yake ndani ya vipande hivyo, baada ya kila kusi na kila kaskazi, kwa miaka mitatu. Andika kwenye daftari la kikundi hai, iliyokufa, na iliyojiotea. Safu ya tatu ndiyo ninayoisoma kwanza. Wenzetu wa Gazi, ng'ambo ya mpaka kule Kenya, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja wanauza hewa ya ukaa tangu 2013, na kinachopimwa huko ni miti iliyosimama. Idadi ya miche iliyowahi kuchomekwa haimletei mtu pesa.

Ikifa michache hapa na pale, jazia aina ile ile. Ikifa zaidi ya nusu, usijazie. Chukua mpira wa maji, pima upya, chimba uone chumvi na mchanga, na kama jibu ni kwamba pale hapafai, toa vijiti vyako, rudisha viriba kivulini, na miche iliyobaki wape kikundi cha kijiji jirani chenye tope linalofaa.